Binti anataka kusomea mageuzi ya mwani usioonekana kwa macho: jibu langu kwa mleta uzi

Mkuu, heshima kwako. Umesema binti yako kamaliza kidato cha sita kwa PCB (fizikia, kemia, baiolojia), anataka kusomea mageuzi, yaani viumbe wanavyobadilika kizazi kwa kizazi, ya mwani ule wa kuangaliwa kwa hadubini, na unauliza: watu wa fani hiyo kutwa wanafanya nini, hayo mageuzi wanayaonaje wakati yanachukua mamilioni ya miaka, na je, ugali upo? Wachangiaji wa juu wameshakutania vya kutosha, mmoja kasema binti ataishia kulima mwani Paje, kule Zanzibar. Mimi ndiyo kazi inayoniweka mjini, kwa hiyo nitaandika kirefu. Mwenye haraka apite tu.

Nashughulika na dayatomu za Ziwa Tanganyika. Dayatomu ni mwani wa seli moja unaoishi ndani ya ganda la silika, malighafi ileile ya kioo. Nyingi hazifikii unene wa unywele wako. Ila usizidharau: kadirio linalotumika sana ni kwamba karibu asilimia 20 ya usanisinuru wote duniani, yaani kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, unafanywa na hizi. Hapo Kigoma, mwani huo unaliwa na vidudu vya majini, vidudu vinaliwa na dagaa, dagaa analiwa na mgebuka, mgebuka tunamla sisi.

Kazi ya ziwani ndiyo inayopendeza kwenye picha, na ndiyo ndogo kuliko zote. Tunaipangia kiangazi, kati ya Mei na Septemba, kwa sababu upepo wa kusini unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji ya baridi yenye virutubisho yanapanda kutoka chini. Ziwa lina kina cha mita 1,470 na huko chini hakuna oksijeni kabisa, lakini virutubisho vimejaa. Vikipanda, dayatomu zinazaliana sana. Tunatoka alfajiri wavuvi wakirudi na dagaa wao, tunashusha kiwavu chenye matundu ambayo huwezi kuyaona kwa macho. Mzee mmoja anayetuendeshea boti haachi kuniuliza: "Mwanangu, hicho cha kuchujia tui mtavua nini nacho?" Huwa namjibu navua chakula cha dagaa wake. Ananicheka, halafu anaendelea kutuonyesha maji yalipobadilika rangi, na mara nyingi anakuwa sahihi kuliko ramani yangu.

Kutoka hapo ni maabara. Kama binti hana subira, hapa ndipo atakapokimbia. Ili usome vinasaba vya spishi moja, unahitaji ukoo uliotokana na seli moja. Kwa hiyo unachukua pipeti ya kioo, unaipasha kwenye moto wa gesi hadi ilegee, unaivuta ghafla inakuwa nyembamba mno, unaivunja ncha. Unaweka tone la maji ya ziwa chini ya hadubini, unachagua seli moja, unaikaribia na ile ncha, inavutwa yenyewe ndani. Unaitema kwenye tone la maji safi, unaitafuta tena, unaivuta tena, unaihamishia tone lingine, mpaka uhakikishe iko peke yake bila bakteria wengi wala mwani wa pembeni. Mkono ukitikisika imeshapotea. Siku nzima inaweza kuishia kwenye trei moja ya visima vidogo, na wiki mbili baadaye unakuta vingi ni vitupu. Zilizoota zinakaa kwenye kabati la mwanga na ubaridi. Umeme ukikatika, giza siyo adui, dayatomu zinavumilia giza muda mrefu. Adui ni joto, kabati likipanda joto mchana wa Novemba unapoteza koo ulizozilea miezi.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vya sekondari havikuambii. Ganda la dayatomu ni vipande viwili, kimoja kikubwa kidogo kimefunika kingine. Seli ikigawanyika, kila mtoto anarithi kipande kimoja na kujitengenezea kingine cha kuingia ndani yake. Maana yake aliyerithi kile kidogo anatoka mdogo kuliko mama, na kizazi kwa kizazi ukoo unazidi kupungua ukubwa. MacDonald na Pfitzer walilieleza hilo tangu 1869. Njia kuu ya kurudi kwenye ukubwa wa awali ni kujamiiana, na aina nyingi zinahitaji mwenza wa ukoo tofauti. Usipompata, ukoo unasinyaa mpaka unakufa mikononi mwako. Ratiba yangu ya mwaka inapangwa na hilo kuliko inavyopangwa na mkuu wa idara.

Na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la mageuzi. Ukichanganya koo mbili zinazofanana kwa sura, zikakataa kujamiiana, na vinasaba vikaonyesha zimetengana, basi una spishi mbili pale ulipodhani una moja. Mfano ninaoupenda ni wa Edinburgh, Uskoti. David Mann na wenzake walichunguza kwa miaka dayatomu iliyojulikana kwa jina moja tu, Sellaphora pupula, nyingi wakizitoa kwenye bwawa la mtaani liitwalo Blackford. Mwaka 2004 wakatangaza spishi mpya tano kutoka kwenye jina hilo moja. Bwawa la mtaani, mkuu! Sasa fikiria Tanganyika, ziwa lenye umri wa miaka milioni 9 hadi 12, na vielelezo vyetu bado tunavilinganisha na maelezo ya mtaalamu wa mwani, West, ya 1907 na ya Otto Müller aliyeandika kuhusu Nyasa wakati wa Mjerumani. Vielelezo vingi vya enzi hizo viko Ulaya, kwa hiyo kabla ya kutangaza jina jipya inabidi usafiri, au umwombe mtu akupigie picha na usubiri huruma yake. Hili linanikera na sitaacha kulisema.

Ukitaka mageuzi ya kuyaona ukiwa hai, yapo pia. Mwaka 2019 Matthew Herron na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio la Chlamydomonas, mwani wa kijani wa seli moja, waliouweka pamoja na kidudu kinachoula, Paramecium. Baada ya wiki 50, takriban vizazi 750, makundi mawili kati ya matano yaliyowekewa mlaji yalikuwa yameanza kuishi kwa mafungu ya seli nyingi. Ukiyatoa kwa mlaji yanabaki hivyohivyo, maana yake tabia imeingia kwenye urithi. Wiki hamsini tu hizo.

Ila nisimdanganye binti kwamba mambo yanakwenda mbio hivyo. Mwaka 1998 Jonathan Zehr aliona kipande cha DNA cha bakteria asiyejulikana kwenye maji ya Pasifiki, bakteria anayenasa nitrojeni. Kyoko Hagino, mama wa Kijapani, alihangaika zaidi ya miaka kumi kujifunza kuufuga mwani anamoishi bakteria huyo. Aprili 2024 ndipo jarida la Science likachapisha kwamba yule siye mgeni tena, amekuwa kiungo cha seli, wakakiita nitroplasti. Tanganyika tuna dayatomu za jenasi Rhopalodia ambazo nazo zinabeba ndani yao kitu cha asili ya namna hiyo, na ndicho ninachokichunguza sasa hivi. Bila ile miaka kumi ya ufugaji wa mama yule, hata swali lenyewe nisingejua nilianzie wapi.

Sehemu kubwa ya siku zangu lakini ni kompyuta: kuchambua vinasaba kwa R (programu ya takwimu), kuandika maombi ya fedha yanayokataliwa, kushughulikia kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na cha kutoa sampuli nje ya nchi, kusahihisha kazi za wanafunzi.

Ugali sasa. Tangazo la ajira lililoandikwa "mtaalamu wa mageuzi ya mwani" hutaliona. Watu wetu wako vyuoni, TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi), kwenye bodi za maji za mabonde, mamlaka za maji na kampuni za tathmini ya mazingira. Wengi wanaishi kwa mikataba ya miradi, ukiisha unatafuta mwingine. Kinachouzika ni ujuzi: kutambua mwani kwa hadubini, kusoma DNA, takwimu. Mwani wa bluu-kijani wenye sumu unasumbua Ziwa Victoria, na heroe walipokufa kwa wingi Manyara na Momela mwaka 2004 huo ndio ulioshukiwa. Anayeweza kuutambua hakosi wa kumpigia simu. Akitaka mshahara wa uhakika mapema, aende famasi, sitamlaumu.

Akishikilia msimamo, aombe botania au sayansi za majini, asikimbie hesabu, na kuanzia mwaka wa kwanza amfuate mwalimu mwenye maabara aombe kuhesabu sampuli hata bila malipo. Lakini kabla hujalipa ada, mwombee kwa mwalimu wa baiolojia shuleni kwake atumie hadubini. Akwangue ule utelezi wa kahawia kwenye mawe ya mtoni, aweke tone chini ya kioo, atumie lenzi ya 40. Vile vya rangi ya kahawia-dhahabu vitakavyokuwa vinateleza vyenyewe polepole ndivyo hivyo. Akichoka nusu saa haijaisha, pesa yako bado iko mfukoni.