Muulize Mwalimu: Je, 37 kwa 100 ni kufeli?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naishi Kent, kusini kidogo ya Seattle. Binti yangu yuko darasa la tano, na juzi kaleta kazi ya hisabati: jedwali la takwimu za mchezaji wa besiboli Ichiro Suzuki, msimu wa 2004. Wameambiwa waeleze kwa nini msimu ule umeingia kwenye historia. Mimi nimeona .372 tu. Shuleni kwao ukipata 37 kwa 100 umefeli. Sasa huyu anasifiwa kwa lipi? Mtoto kaniuliza nikakosa la kusema. (Mama wa watoto wawili, Kent)

JIBU: Marahaba, mama. Umenigusa penyewe. Mwaka 2004 nilikuwa hapo Seattle, naosha vyombo zamu ya jioni kwenye jiko la hoteli, kabla sijarudi Tanga kufundisha hisabati. Redio ilikaa juu ya rafu ya sahani, nami nilikuwa na daftari la mistari ambalo niliandikia kila zamu ya Ichiro. Ninalo hadi leo, kurasa zake zimejikunja kwa maji.

Mwambie binti aiache kwanza .372, atafute namba mbili zilizoizaa: 262 na 704. Mara 704 Ichiro alisimama na gongo lake katika zamu zinazohesabiwa, na mara 262 akaupiga mpira akafika kituo (moja ya alama nne za uwanjani ambazo mpigaji huzikimbilia) salama kwa pigo lake mwenyewe. Agawanye 262 kwa 704, atapata 0.372. Wenyewe huisoma "mia tatu sabini na mbili", sifuri na nukta hawazitaji.

Kuhusu kufeli, mtihani wa darasani hautungwi na mtu anayetaka ukose. Wa besiboli hutungwa na mtu wa namna hiyo. Mrushaji yuko umbali wa mita 18 na ushee, mpira unakuja kwa kasi inayofika kilomita 150 kwa saa, na mpigaji ana chini ya nusu sekunde ya kuamua na kupiga. Hata akiupiga vizuri, nyuma ya mrushaji wapo walinzi wenye glavu wanaoungoja. Anayefaulu mara tatu katika kumi kwa miaka mingi huhesabiwa mpigaji hodari sana. Ichiro mwaka ule alikaribia mara nne, na hakuna aliyemzidi katika ligi zote mbili kuu za Marekani.

Lakini historia yenyewe iko kwenye 262. Rekodi ya mapigo mengi kwa msimu mmoja ilikuwa 257, ya George Sisler wa St. Louis, tangu 1920. Miaka 84! Na Ichiro aliuanza msimu vibaya. Aprili alipiga .255, na daftari langu limejaa alama za kutolewa. Mei akapata mapigo 50, Julai 51, Agosti 56. Hapo ndipo hata mpishi wetu mkuu, ambaye hakuujali mchezo, akaanza kuniuliza kila jioni, "Leo mangapi?"

Ijumaa ya tarehe 1 Oktoba, wakicheza na Texas, alipiga zamu ya kwanza akamfikia Sisler. Kipindi cha tatu akaupitisha mpira katikati ya uwanja: 258. Fataki zikalipuka, wenzake wakamkimbilia, naye akaenda pembeni ya jukwaa kuwapa mkono watu wa familia ya Sisler waliokuja kushuhudia. Mimi nilikuwa na sufuria mkononi. Nililiweka chini nikafungua daftari, mikono ikiwa bado na povu.

Binti akitaka kumpendeza mwalimu wake, aandike na upande wa pili. Sisler alipata 257 kwa zamu 631 tu, katika mechi 154. Ichiro alicheza mechi 161. Kwa hiyo kwa wastani Sisler yuko juu, .407. Wapo waliotumia hoja hii kuipunguza rekodi ya Ichiro, na mimi siwaungi mkono. Rekodi inayohesabu mapigo inahesabu mapigo. Tena mwaka 1920 wachezaji Weusi walifungiwa mlango wa ligi hizo. Mwaka huohuo ndipo Rube Foster na wenzake walipounda ligi yao, Negro National League, huko Kansas City. Warushaji wao Sisler hakukutana nao katika ligi yake. Ukianza kusahihisha namba za kale, sahihisha na hilo.

Aangalie pia safu ya vituo vya bure, vile anavyopewa mpigaji mrushaji akikosa shabaha mara nne. Ichiro alipewa 49 tu. Mwaka huohuo Barry Bonds wa San Francisco alipewa 232, kwa sababu warushaji walimwogopa. Ichiro alitembea kwa miguu yake: mapigo yake 225 kati ya 262 yalikuwa ya kituo kimoja, na yaliyovuka ukuta ni 8. Alikuwa akipiga kwa upande wa kushoto, hivyo alisimama karibu zaidi na kituo cha kwanza, na mpira ulipogusa gongo yeye alikuwa keshaanza kukimbia.

Na timu yake? Seattle walipoteza mechi 99. Namba hiyo inaniuma hadi leo. Kila usiku mtu yule alifika kituoni, na mara nyingi aliachwa pale pale.

SWALI: Mwalimu, mwanangu anajifunza besiboli hapa Dar es Salaam na amewekwa kulinda upande wa kulia. Analalamika kwamba huko hakuna sifa. Nimwoneshe takwimu gani? (Baba wa Upanga)

JIBU: Mwoneshe za Ichiro huyohuyo, maana alilinda upande huohuo. Mwaka 2004 alidaka mipira 372 (ndiyo, namba ileile ya wastani wake, nilihesabu mara mbili), alimtoa mkimbiaji kwa kurusha mara 12, na alikosea mara 3. Jumla 387, safi 384, yaani .992. Alipata Glavu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora, moja kati ya kumi alizochukua mfululizo tangu 2001.

Ila ile 12 isomwe kwa uangalifu. Aprili 2001, huko Oakland, Terrence Long alijaribu kukimbilia kituo cha tatu. Ichiro akaurusha mpira kutoka kulia kabisa, ukaenda mnyoofu ukamwahi. Baada ya hapo wakimbiaji wengi waliposikia mpira umekwenda kwa Ichiro walisimama walipo, na aliyesimama haandikwi popote kwenye jedwali. Kwa hiyo, baba, ukienda kumtazama kijana, chukua kalamu. Kila mkimbiaji atakayesita kwa kuuogopa mkono wake, mwekee alama pembeni ya daftari.