Unity banaamini nini?
Yaya, umeuliza kama bale ba Unity, ile kikundi ya dini, ni Wakristo ao ni mambo ya bulozi. Bulozi hapana. Ilianzishwa na bibi na bwana, Myrtle na Charles Fillmore, kule Kansas City Marekani mu 1889, Myrtle alikuwa na kifua kikuu akawa anaomba akijiambia kwamba yeye ni mtoto wa Mungu basi hakurithi ugonjwa, na akapona (ivyo njo benyewe banaeleza). Kwao Mungu ni wema tupu na iko fasi yote, na Kristo iko ndani ya kila mutu, Yesu njo alituonyesha namna ya kuishi ivyo. Biblia banaisoma sana kama mifano, mbingu na jehanamu ni hali ya roho, haiko fasi ya kwenda. Alafu sala yao haifanane na kesha zetu za hapa Kadutu, mu Bukavu, zenye makelele, banakaa kimya kwanza, kisha banatamka ile kitu banaomba sawa vile imeisha kutendeka. Kwenda kwa munganga habakatazi. Banamuke bachungaji bako tangu zamani. Miye pale kwa zambi tu njo sikubaliane nabo, banaipunguza sana.