Neno «untie» kwa Waongoza Watalii Wapya wa Moshi

Wadogo zangu mnaotoka kwenye ugumu, yaani kazi ya kubeba mizigo, na kuanza kuongoza wageni Mlima Kilimanjaro, Kiingereza chenu cha kusalimia na kueleza njia kinatosha, lakini kambini, kazi ya mikono inapoanza, kitenzi kimoja cha Kiswahili huwaponza: kufungua. Sisi tunafungua mlango, zipu, kufuli, kamba, mbuzi na hata kinywa asubuhi, kisha mgeni tunamwambia «open» kwa kila kitu. Kiingereza hutazama kwanza kitu kimeshikiliwa na nini, na kama ni fundo, kitenzi chake ni «untie», kinachotamkwa «antai». Sehemu yake ya pili ndiyo iliyotupatia tai ya shingoni.

Kinachofunguliwa kinaweza kuwa fundo lenyewe, kamba, au kilichofungwa, kama ilivyo kwetu: «untie the knot», «untie the rope», «untie the goat». Anayesema «open the goat» ataeleweka kwamba anampasua mbuzi. Ukitaka kutaja pia mahali kamba ilipofungwa, ongeza «from». Pale kambi ya Barafu, ambako ardhi ni mawe na kamba za hema hufungwa kwenye mawe hayo, utasema «untie the rope from that rock». Zipu haina fundo, kwa hiyo ni «unzip», na kufuli ni «unlock». Vifungo vya koti huchukua «undo», kitenzi kipana ambacho hukubalika hata kwa fundo, na ambacho mimi humshauri mtu asiye na uhakika akishike hicho.

Kamba za viatu zinahitaji uangalifu zaidi. Mgeni akilalamika wakati wa kupanda usiku kwamba mguu umebanwa, unachotaka ni alegeze kamba, yaani «loosen»; ukimwambia «untie», atavua glavu, atainama na kufungua fundo lote, na vidole vyake vitakufa ganzi kwa baridi kabla hajafunga tena. Wakati wa kuteremka kutoka Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, kwenye changarawe inayoporomoka, vidole vya miguu husukumwa mbele ya kiatu, kwa hiyo neno la hapo ni «tighten», yaani kukaza. Na kamba ikifunguka yenyewe, usimwambie mgeni «you untied your lace», maana hapo unadai kwamba ameifungua yeye, tena kwa makusudi. Tofauti ambayo sisi tunaionyesha kwa herufi chache tu, imefunguka na imefunguliwa, Kiingereza huionyesha kwa kuongeza kitenzi kingine: «your lace has come untied». Kwa haraka, «your lace is untied» inatosha.

Kiambishi «un-» kikiwa kwenye kitenzi cha namna hii hutengua tendo, kama -ua yetu inavyotengua funga ikawa fungua, au ziba ikawa zibua, lakini mbele ya sifa, kama katika «unhappy», maana yake ni «si» tu. Ndiyo sababu «untied» ina sura mbili: iliyofunguliwa, na ambayo haikufungwa tangu mwanzo. Wenzenu watakaohamia ofisi za miradi Arusha watakutana na «untied aid», ambayo ni misaada isiyoilazimisha nchi inayopokea kununua bidhaa na huduma kwa mfadhili.

Kuhusu tahajia, wakati uliopita ni «untied», na tendo linaloendelea ni «untying», kwa kuwa «ie» hugeuka «y» kama katika «lying» na «dying». Mnapoandika ujumbe wa simu kwa haraka, chungeni pia mpangilio wa herufi, kwa sababu «t» na «i» zikibadilishana nafasi mtapata «unite», yaani kuunganisha, na simu haitawasahihisha, kwani nalo ni neno halali.