Kufuli la Redis: kwa nini programu mbili zinajikuta ndani kwa wakati mmoja

Mkuu, umeuliza kwa nini malipo yanachakatwa mara mbili ilhali kila programu huchukua kwanza kufuli (alama ya kuzuia wengine wasifanye kazi hiyohiyo) kwenye Redis, hifadhi ya data ya kwenye kumbukumbu. Tatizo ni hiyo DEL (amri ya kufuta) tupu unayoachilia nayo kufuli.

Programu A imeshika kufuli la sekunde 30, kazi ikachelewa, muda ukaisha, Redis ikalifuta. B ikalichukua. A inapomaliza inatuma DEL na kufuta kufuli la B, kisha C inaingia huku B bado haijamaliza.

Kila anayechukua aweke tokeni yake ya nasibu (alama ya siri ya kumtambulisha), baiti 16 zinatosha. NX ni "weka kama halipo", PX ni muda wa kuisha kwa milisekunde:

SET kufuli:malipo:4417 TOKENI NX PX 30000

Iwe amri moja. Ukitenganisha SETNX (kuweka) na EXPIRE (kupanga muda), programu ikifa katikati, kufuli halitoki mpaka mtu alifute kwa mkono. Kuachia kupitie skripti ya Lua, ambayo Redis huiendesha yote kwa mkupuo bila amri nyingine kuingia katikati; inafuta tu kama tokeni ni yako:

if redis.call("get",KEYS[1]) == ARGV[1] then return redis.call("del",KEYS[1]) else return 0 end

Usifanye GET (kusoma) kisha DEL kutoka kwenye programu yako. Kati ya amri hizo mbili kufuli linaweza kuwa limeshapata mwenye mpya.

Hapo umetibu kuachia tu. A iliyoganda, tuseme Java imeisimamisha ili isafishe kumbukumbu, ikiamka bado inaamini kufuli ni lake na itaandika. Uzi (thread) wa kuongeza muda wa kufuli hausaidii, maana nao uliganda. Kinga ya kweli huwekwa pale data inapoandikwa: kila kufuli litoke na namba inayopanda, na databesi ikatae namba ya zamani:

UPDATE malipo SET hali='tayari', namba=34 WHERE id=4417 AND namba<34

Amri hiyo ikigusa safu mlalo sifuri, simama. INCR (amri ya kuongeza moja) ya namba hiyo iwe ndani ya skripti ileile inayochukua kufuli. Ukiifanya baadaye, aliyeganda akiamka atajipatia namba kubwa kuliko ya mwenye kufuli.

Redis yenye nakala hunakili kwa kuchelewa, hivyo seva kuu ikianguka kufuli na namba vinaweza kupotea. Kwa fedha mimi nisingeitegemea. Kama data yote iko kwenye databesi ya PostgreSQL, tumia kufuli lake lenyewe, pg_try_advisory_xact_lock. Huachia yenyewe muamala (transaction) unapoisha. Ile ya sesheni, pg_advisory_lock, iepuke ukiwa nyuma ya PgBouncer (programu ya kugawana miunganisho ya databesi) ya hali ya muamala, inayoweza kukupa muunganisho tofauti kwa kila muamala, kwani amri ya kuachia inaweza kwenda kwenye muunganisho mwingine na kufuli likabaki.