Re: Polisi Marekani kuchukua lokesheni ya simu

Mkuu umeuliza kama mdogo wako aliyeko Houston polisi wanaweza kwenda tu kampuni ya simu wakapewa kila alikopita. Hapana, hawawezi hivi hivi. Mahakama ya Juu iliamua Juni 2018 kwenye kesi ya Carpenter, jamaa alishtakiwa kwa uporaji wa maduka ya Detroit na maeneo ya karibu, FBI wakavuta data za minara ya simu, pointi 12,898 za alikopita, yaani ukizipanga kwenye ramani unajua mtu analala wapi na anasali wapi, na amri ya mahakama waliyotumia ilikuwa ile nyepesi isiyotaka ushahidi wa maana. Majaji 5 kwa 4 wakasema lazima hati ya upekuzi, yaani kibali cha jaji chenye ushahidi wa maana.

Kulikuwa na ile ya polisi kuiambia Google "tupeni simu zote zilizokuwa eneo hili saa fulani", hapo hata mpita njia anaingizwa. Agosti 2024 mahakama ya rufaa ya mzunguko (kanda) wa 5, ndiyo hiyo hiyo inayobeba Texas iliko Houston, ikasema hati ya namna hiyo inavunja katiba.

Kinachoniuma mimi ni kwamba kesi zote mbili ushahidi huo uliachwa utumike mahakamani, eti polisi walifanya kwa nia njema wakiamini wanafuata sheria, Carpenter mwenyewe alishinda hoja na kifungo hakikufutwa.

Mwambie dogo akisimamishwa na polisi wakaomba kufungua simu yake asiwape ruhusa, aseme kwa heshima kwamba hakubali, na aombe wakili.