Wageni wa misheni na watoto wa mitaani: majibu ya maswali yenu

Bwana asifiwe. Kanisa letu hapa Texas linapanga safari ya siku kumi kwenda Mwanza kuwahudumia watoto wa mitaani. Mtanzania ni mimi peke yangu, nimeombwa niwe mkalimani. Niwaambie nini kabla hawajakata tiketi? – Mwanakwaya, Dallas

Amina, dada. Waambie wamtafute kwanza mtu anayewajua watoto hao kwa majina. Mwanza ina mashirika yaliyoifanya kazi hii tangu miaka ya 1990. Wafanyakazi wake huzunguka usiku stendi na kwenye baraza za maduka, wanakaa na watoto, wanaongea mpira, wanarudi kesho yake, mpaka siku mmoja akubali kusema kwao ni wapi. Hapo ndipo kazi inaanza. Afisa ustawi wa jamii anajulishwa, mtu anapanda basi kwenda Geita au Bunda kumtafuta bibi au shangazi na kuuliza ni nini kilimtoa mtoto nyumbani: kipigo, njaa, baba wa kambo, au mama aliyeachika akabaki na wadogo watano. Mtoto akirudishwa jambo hilo likiwa halijaguswa, haupiti muda utamkuta stendi tena.

Sasa mgeni wa siku kumi, asiyeweza hata kumsalimu mtoto bila wewe, atashika wapi hapo? Pesa yake ndiyo ina pa kwenda: nauli za mabasi, mshahara wa yule anayezunguka usiku, mtaji wa bibi wa kuuza dagaa. Wakisema ni lazima waje, waje wawili watatu, wakae na wafanyakazi, wasikilize. Tena visa ya utalii hairuhusu kazi, hata ile ya kujitolea. Mwenyeji wao aende Uhamiaji mapema kuuliza kibali kinachohitajika.

Hawa watoto si yatima? Kwa nini wafadhili wetu wasiwajengee makao? – Mzee wa kanisa, Nakuru

Wengi wana mzazi au ndugu aliye hai, mzee wangu. Na kwenu Kenya serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017. Mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unataka watoto walelewe kwenye familia. Nionavyo mimi, walifanya vyema. Makao yakishajengwa vitanda havikai wazi, na mzazi maskini akisikia kuna shule na wali, mwanawe atapelekwa.

Kumbuka yaliyotokea Haiti. Januari 2010, wiki chache baada ya tetemeko, Wamarekani kumi, wengi wao Wabaptisti kutoka Idaho, walikamatwa wakitaka kuwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila vibali. Walisema wanaokoa yatima. Ikaja kubainika kwamba wengi wa watoto hao wana wazazi, na baadhi ya wazazi ndio waliowatoa, kwa ahadi ya elimu. Sidhani kama watu wale walikuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linalonitisha.

Wageni wetu wamebeba viatu na pipi, wanataka kugawa stendi. – Mama mchungaji, Kahama

Wasigawe, mama. Viatu vipya mtoto hulala navyo mara chache: wakubwa watamnyang'anya, au vitauzwa, na pesa nyingine iishie kwenye gundi ya kunusa. Vipelekwe kituo kinachowahudumia, kigawe chenyewe.

Je, ni utovu wa adabu kumdai mgeni hati ya polisi ya mwenendo mwema? – Shemasi, Arusha

Dai, shemasi, na uwaambie mapema ili asiyetaka abaki kwao. Mwaka 2015 mahakama ya Birmingham ilimfunga Mwingereza zaidi ya miaka 17 kwa kuwadhalilisha watoto wa mitaani wa Gilgil, Kenya. Mwaka 2016 kijana wa Oklahoma aliyekuja kujitolea kwenye makao ya watoto, Kenya hiyo hiyo, alifungwa miaka 40 Marekani. Wote wawili walipokelewa kama wafadhili na watumishi. Kwa hiyo asiwepo mgeni wa kubaki na mtoto faraghani, wala wa kumpeleka hotelini "akaoge". Ukiona jambo, piga 116, simu ya msaada kwa watoto; Tanzania na Kenya ni namba ile ile na ni bure. Usisubiri kikao cha wazee.

Mgeni ametundika mtandaoni picha ya mtoto tuliyemkuta Likoni, pamoja na mkasa wake wote. Anasema ni ushuhuda. – Kijana, Mombasa

Ushuhuda wa nani? Mtoto huyo atarudi darasani, na wenzake wana simu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na nina hakika hakumtafuta. Mwambie aifute. Akikataa, mweleze mchungaji aliyemwalika.