Maji Meupe Si Lazima Yawe Salama

Swali la wiki lilikuwa: “Kama maji ya bomba yanaonekana meupe, kuna haja gani ya kuyatia dawa?”

Jibu langu ni kwamba macho hayapimi maji. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye mtambo wa kutibu maji. Unachota maji ya mto kwenye bilauri, mekundu kwa udongo. Unatia shabu kidogo, chumvi ya kugandisha tope, unakoroga kwa nguvu, kisha polepole. Mwanzoni huoni kitu. Halafu chembe zinaanza kushikana, zinakuwa mabonge mepesi kama pamba, na ukiacha kukoroga yanazama yenyewe. Juu yanabaki maji yanayong'aa, hata mgeni hunyoosha mkono ayanywe. Huwa tunamzuia. Kimelea cha kipindupindu au cha homa ya matumbo hakina rangi wala ladha, na huenda bado kimo humo.

Mwenye shaka nampeleka Hamburg, Ujerumani, mwaka 1892. Mji huo ulivuta maji ya mto Elbe na kuyasambaza bila kuyachuja. Jirani yake, Altona, ulitumia mto uleule, tena upande wa chini, Hamburg ukishamwaga uchafu wake. Mtu angedhani Altona ndio ungeteketea. Lakini Altona ulipitisha maji polepole kwenye vitanda vya mchanga, ambako juu hujengeka utando wa viumbe hai unaonasa na kula vijidudu. Kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 Hamburg. Kwenye mtaa uliokuwa mpaka wa miji hiyo, wagonjwa walijaa upande mmoja. Upande wa pili, wenye hewa ileile na udongo uleule, watu walinusurika. Robert Koch, mwanasayansi Mjerumani wa vijidudu aliyetumwa kuchunguza, alilionyesha hilo bayana.

Wengine hudhani dawa peke yake, yaani klorini, inatosha. Klorini ikikuta tope huishia humo, na vijidudu vilivyojificha ndani ya udongo hubaki hai. Kwa hiyo tope hutolewa kwanza, kisha dawa, nayo ipewe kama nusu saa ifanye kazi yake. Tena kuna kriptosporidio, kimelea chenye ganda gumu ambacho klorini ya kawaida haikiwezi. Mwaka 1993 kilipenya kwenye mtambo wa Milwaukee, Marekani, uchujaji ulipolegea, na watu wapatao 400,000 wakaugua ingawa maji yalitiwa klorini. Walkerton, Kanada, mwaka 2000, tatizo lilikuwa kwenye dawa: mvua iliingiza samadi ya ng'ombe kisimani, klorini haikutosha, watu 7 wakafa.

Linaloniuma zaidi halitangazwi. Mtoto anayeharisha kila mara, hata asipofariki, utumbo wake unachoka kufyonza chakula. Analishwa vizuri na bado hakui. Mama anahangaika na sahani, kumbe ugonjwa umo kwenye kikombe.

Sasa ile harufu ya klorini ambayo watu huilalamikia. Klorini inayobaki ndiyo mlinzi anayesafiri na maji. Mabomba hupasuka, na presha ikishuka, maji machafu ya ardhini hunyonywa ndani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka maji yakimfikia mtumiaji yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita. Kuipima ni rahisi: maji kidogo kwenye kichupa, kidonge kimoja cha kupimia, unatikisa. Yakigeuka waridi, mlinzi yupo. Yakibaki meupe, moyo unanienda mbio, maana huenda kuna mahali uchafu umeingia na kuimaliza dawa, na watu wanaendelea kunywa.

Kuhusu hofu ya wengine kwamba klorini huleta saratani: ni kweli klorini ikikutana na mabaki ya majani yaliyooza huzaa kemikali zinazopaswa kudhibitiwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kuchuja kwanza. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hatari hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na ya kunywa maji yasiyouliwa vijidudu.

Harufu ikikukera, acha maji kwenye jagi safi kwa muda, itapungua. Ila ikiondoka, mlinzi naye ameondoka. Kwa hiyo yafunike, yamimine badala ya kutumbukiza kikombe, na uyanywe siku hiyohiyo.